Je, Wajua? Vyuma Hujenga Pia Kujiamini

Kunyanyua vyuma humpa mchezaji nguvu kabla umbo lake halijabadilika. Katika wiki za mwanzo, mishipa ya fahamu ndiyo hujifunza kuiamrisha misuli vizuri zaidi. Misuli yenyewe hunenepa baadaye. Kwa hiyo mchezaji wa raga aliyekuwa akichuchumaa na kilo 80 begani, kisha akaweza 90, huingia kwenye skramu akiwa na ushahidi wa uwezo wake. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana zaidi na mafanikio aliyoyapata mwenyewe kuliko maneno ya kutiwa moyo, jambo ambalo makocha wapenda hotuba husahau.

Uchambuzi wa majaribio 33 uliochapishwa mwaka 2018, wenye washiriki 1,877, ulionyesha pia kuwa mazoezi ya kunyanyua vyuma hupunguza dalili za sonona, ingawa ulihusu watu wazima kwa jumla, si vikosi vya michezo. Mzigo ukizidi bila mapumziko, mambo hugeuka: usingizi huharibika, hasira huwa karibu, na hamu ya kucheza hupungua.