Jirani na Nadharia ya Mageuko: Mfano wa Mji wa Binghamton

Katika madarasa yetu nadharia ya mageuko hutajwa pale inapofafanuliwa Mwanzo sura ya kwanza, na mjadala huishia hapo. Makala hii yaeleza kazi iliyoipeleka nadharia hiyo mitaani.

Mwaka 2006 David Sloan Wilson, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Binghamton katika jimbo la New York, Marekani, alianzisha mradi wa ujirani mjini humo. Ikiwa uteuzi wa asili humpendelea ajitafutiaye faida, wema umedumuje? Yeye hujibu kwamba ndani ya kundi mchoyo humshinda mkarimu, lakini kundi la wakarimu hulishinda kundi la wachoyo. Hivyo wema hustawi pale tu mazingira yanapoulinda.

Wanafunzi wa shule za mji waliulizwa maswali juu ya kuwajali wengine, na majibu yakachorwa katika ramani kwa kufuata makazi yao. Ikatokea ramani yenye vilima na mabonde: hapa ukarimu mwingi, pale haba. Tena barua zenye stempu ziliangushwa barabarani kana kwamba zimepotea, ili ionekane ni wapi mpita njia angeziokota na kuzitia posta. La kuzingatia ni kwamba kijana aliyesema anategemezwa na jamaa, shule na majirani ndiye kwa kawaida aliyekuwa mwepesi wa kusaidia. Baadaye wakazi walialikwa kubuni wenyewe bustani katika viwanja vilivyoachwa.

Wilson alitumia pia kanuni 8 za Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Miongoni mwake: watumiao mali ya pamoja washiriki kuzitunga sheria zake, na mkosaji aanze kuonywa kwa adhabu ndogo. (Msomaji wa Mathayo 18 hatashangaa.)

Wilson si mwamini, ingawa katika kitabu chake cha mwaka 2002, Darwin's Cathedral, aliichukua Geneva ya Calvin kuwa mfano wa kundi lililoshikamana. Hapa ndipo mwanatheolojia apaswa kusimama. Kundi hushikamana mara nyingi dhidi ya kundi jingine, na Msamaria wa Luka 10 alikuwa wa kundi jingine. Nadharia yaeleza vema kwa nini Mlawi angemsaidia Mlawi mwenzake. Msamaria huyo yaeleza kwa shida.

Kwetu neno "mtaa" lina maana mbili: makazi ya watu, na sehemu ya usharika. Katika daftari zetu imo ile ya pili tu.