Sokwe Aliyeandikiwa Tanzia

Mwaka 1972 gazeti la Sunday Times la London lilichapisha tanzia ya kikongwe mmoja wa Kigoma. Hakuwa na cheo wala mali, na hakujua hata kama London ipo. Alikuwa sokwe. Aliitwa Flo, mwenye pua ya bonge na masikio yaliyochanikachanika, na watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wamemzoea kwenye televisheni kama jirani wa mtaa wa pili. Miaka 53 baadaye, tarehe 1 Oktoba 2025, aliyempa jina hilo naye akafariki, akiwa California katika ziara ya mihadhara. Mtafiti huyo wa sokwe, Jane Goodall, alikuwa na umri wa miaka 91, na safari hii tanzia ziliandikwa kila pembe ya dunia.

Wengi waliomlilia hawakuwahi kumpa mkono. Walimjua kwa filamu, kuanzia ile ya National Geographic iliyoonyeshwa Marekani mwaka 1965, ambamo binti mwembamba aliyefunga nywele nyuma anachuchumaa kwenye nyasi za Gombe, Kigoma. Jambo hili lina maelezo yake. Mwaka 1956, miaka minne kabla Goodall hajatia mguu Kigoma, Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kwamba mtu anayeonekana mara kwa mara kwenye televisheni, akizungumza kwa upole kana kwamba yuko sebuleni mwako, humjengea mtazamaji urafiki wa upande mmoja. Mtazamaji anajua fika kwamba yeye hajulikani. Lakini akili ya binadamu imezoea tangu zamani kwamba sura unayoiona kila mara ni ya mtu wako wa karibu, basi inampokea mgeni huyo kama wa nyumbani. Akifa, pengo analoliacha ni la kweli.

Njia ya zamani ya misafara iliyopita Tabora iliyaona haya kabla ya televisheni. Mwaka 1872 mmisionari David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akingoja wapagazi. Alipofariki Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, watu wake wakiongozwa na Chuma na Susi waliutoa moyo wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba. Tabora walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, akawashauri wauzike papo hapo. Wakakataa. Februari 1874 mwili ulikuwa Bagamoyo, na Aprili Waingereza wakajazana Westminster Abbey kumlilia mtu ambaye wengi wao walimjua kwa magazeti tu, hasa habari za mwandishi Stanley. Chuma na Susi, waliosafiri na mwili huo zaidi ya kilomita 1,500, walifika Uingereza mazishi yamekwisha. Msiba wa gazetini, inaonekana, huwa na viti vichache vya mbele.

Upo msiba mwingine, unaoingia mwilini, na huo umechunguzwa kwa makini mwisho wa njia hiyo hiyo. Ukishuka Kigoma, reli inapokomea, Gombe iko kaskazini ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Goodall alifika huko Julai 14, 1960, akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake. Aliwapa sokwe majina, jambo lililowaudhi wasomi wa Cambridge waliotaka wapewe namba. Flo alikuwa miongoni mwao, na kitinda mimba wake aliyebaki hai aliitwa Flint.

Flint alidekezwa. Alikuwa na miaka minane bado akilala katika kiota cha mama yake, na akichoka anataka abebwe mgongoni, umri ambao wenzake wameshaanza kufuatana na madume. Flo alikufa kando ya kijito, uzee umemlemea. Flint alikaa karibu na maiti kwa muda mrefu. Siku chache baadaye alionekana akipanda mti polepole, akatembea juu ya tawi, akasimama akikitazama kiota kitupu alichowahi kulala na mama yake. Kisha akageuka, akashuka, akajilaza chini macho wazi. Akaacha kula, akawakwepa wenzake, macho yakamwingia ndani. Hakumaliza mwezi. Alikufa karibu na pale alipoanguka Flo.

Je, alikufa kwa huzuni? Goodall aliamini hivyo. Uchunguzi wa maiti ulikuta maambukizi ya tumbo na matumbo, na mtu mgumu wa kuamini anaweza kuishia hapo. Mimi naona kwamba majibu hayo mawili hayapingani. Majonzi hupandisha homoni za mfadhaiko, na homoni hizo zikikaa juu muda mrefu, kinga ya mwili hulegea. Huko Botswana, watafiti walipima homoni hizo kwenye kinyesi cha nyani majike ambao ndugu zao wa karibu walikuwa wameliwa na simba au chui. Zilikuwa zimepanda, na waliofiwa walianza kutafuta wenzao wapya wa kusafishana manyoya. Nyani naye, akifiwa, hutafuta watu.

Kumbukumbu za Gombe zenyewe, zilipochambuliwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, zilionyesha kwamba madume wanaofiwa na mama hata wakiwa na miaka zaidi ya kumi, walioacha kunyonya zamani, huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko wenzao wenye mama.

Kumbukumbu hizo aliziandika nani? Hapa tanzia nyingi za Oktoba 2025 zilipita haraka mno. Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi wanne wa kigeni hapo Gombe, na wageni wakaondolewa. Kazi haikusimama. Waliobaki ni Watanzania, kina Hilali Matama, Hamisi Mkono, Eslom Mpongo na Yahaya Alamasi, waliokuwa wakitoka asubuhi viota vikiwa bado na wenyewe na kufuata sokwe mabondeni hadi jioni, wakiandika nani yuko na nani, kala nini, kapigana na nani. Kamera haikuwafuata mara nyingi, kwa hiyo dunia haijui imlilie nani kati yao. Kwao Goodall hakuwa sura ya kwenye kioo. Alikuwa mtu waliyefanya naye kazi.

Kwa msomaji wa Tabora jambo hili si la Kigoma peke yake. Sokwe wengi wa Tanzania hawaishi Gombe wala Mahale. Wako nje ya hifadhi hizo, na baadhi yao wako kwenye miombo ya Ugalla, ng'ambo ya mto unaokusanya maji ya mkoa huu. Wengi wao hawajawahi kupewa jina wala kuonekana kwenye filamu, na akifa mmoja hakuna anayeandika. Wakati huohuo miombo inakatwa kwa mkaa, kwa mashamba, na kwa kuni za kukaushia tumbaku, zao ambalo mkoa unajivunia.

Vilabu vya vijana vya Goodall, Roots & Shoots, vilianzia Dar es Salaam mwaka 1991 na wanafunzi 12. Vijana wa Kaliua, Urambo na Sikonge wanaijua miombo kuliko mgeni yeyote wa kamera. Mwalimu unayesoma haya, wape daftari na kalamu, uwapeleke msituni wakaandike wanachokiona.