Joto la Hewa au Joto la Bati?

Mtu atokaye Karatu asubuhi kwenda ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro huanza kutafuta sweta kabla ya safari kwisha. Karatu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa kreta wakaribia mita 2,300. Kwa wastani, hewa hupoa nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 tupandazo. Hivyo twatazamia kuwa ukingoni joto litapungua kwa nyuzi 5 hivi.

Tuseme wanafunzi wawili wataka kuhakikisha jambo hilo. Kila mmoja anacho kipimajoto cha tarakimu, kile kionyeshacho joto la ndani ya nyumba na la nje kwa pamoja. Yule wa Karatu amekining'iniza kihisi cha nje kivulini, penye upepo. Yule wa ukingoni amekifunga chake chini ya bati la upenu lipigwalo na jua. Saa nane mchana walinganisha: ukingoni kumeonekana kuna joto kuliko Karatu! Je, sheria ya maumbile imevunjika? La, wala vyombo si vibovu.

Ndani ya kihisi mna chembe iitwayo thamista, iliyotengenezwa kwa oksidi za metali. Joto lake likizidi, ukinzani wake kwa mkondo wa umeme hupungua; chombo hupima ukinzani huo na kuugeuza kuwa tarakimu. Lakini joto linalopimwa ni la thamista yenyewe. Kihisi kikipokea miale ya joto kutoka kwenye bati, kitasema kweli kuhusu nafsi yake na kutudanganya kuhusu hewa. Usiku usio na mawingu kosa hugeuka: bati hupoteza joto lake upesi kuelekea angani, likawa baridi kuliko hewa, na kihisi kilicho karibu hupoa pamoja nalo. Nukta ya desimali isitughilibu. Wengi huiamini kwa unadhifu wake tu.

Katika karne ya 19 mhandisi wa Uskoti, Thomas Stevenson, alibuni kisanduku cheupe chenye kuta za mbao zilizoachiwa nafasi, hewa ipite na jua lisipenye. Nyumbani yatosha kuweka kihisi kivulini kutwa, kiasi cha mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na ukuta, bati na moshi wa jikoni.

Kabla ya kutengana, wanafunzi wetu waviweke vipimajoto vyao pamoja usiku kucha. Vyombo vya bei nafuu aghalabu hukosea kwa nyuzi 1 hivi, juu au chini. Viwili vyaweza kuhitilafiana kwa nyuzi 2, nasi tunatafuta 5 tu. Hitilafu hiyo iandikwe daftarini na kusahihishwa katika kila hesabu.

Vipimo vya alfajiri navyo vina fumbo lake. Sakafu ya kreta iko mita 600 hivi chini ya ukingo, na kwa kanuni yetu ingepasa kuwa na joto zaidi. Mchana ndivyo. Lakini usiku mtulivu, ardhi hupoa, hewa iigusayo huwa nzito, nayo huteremka na kujikusanya chini kama maji bakulini. Hata mabonde ya Karatu huwa hivyo kwa kiasi kidogo, na mkulima mwenye shamba bondeni anayo sababu ya kulijali. Mwenye vipimajoto viwili, kimoja kilimani na kingine bondeni, asome kabla ya jua kuchomoza, maana likishapanda hewa huchanganyika na dalili zote hutoweka.