Kompyuta yaniumbua mbele ya kamati ya harusi!

Msomaji wangu, umewahi kuitwa mwizi kwa macho? Hakuna aliyetamka neno, lakini watu kumi na wanne wamekukodolea, soda zimewasimama mikononi, na mwenyekiti anakohoa kile kikohozi cha "haya, tueleze". Yalinikuta hayo mwaka 2012, Ilala Bungoni, kwenye kikao cha kamati ya harusi ya binamu yangu. Mweka hazina nilikuwa mimi, na aliyeniponza ni mlinzi niliyemwajiri kwa mkono wangu mwenyewe.

Mlinzi huyo hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta.

Unakumbuka enzi zile? Ukienda steshenari Kariakoo kuchapa barua, fleshi yako inarudi na mgeni. Ukiichomeka nyumbani mafolda yote yamegeuka vialama, ukibofya kimoja tu, kirusi kimeshahamia kwako. Nikamlilia mshikaji wangu mmoja, akacheka. "Achana na hizo antivairasi za kizamani, mwana. Chukua hii. Bado haijatoka hata huko majuu! Na ni bure."

Mbongo na cha bure mnajuana. Lakini kilichonimaliza hasa ni hilo neno "haijatoka". Nikajiona wa kwanza mjini.

Kesho yake kompyuta ikawa nzito kama daladala ya Buguruni saa kumi na mbili jioni. Kuwaka tu, chai inapoa. Kila nikigusa kitu inaniuliza kwa Kiingereza kirefu, niruhusu au nizuie? Mwisho nikachoka, nikawa nabofya popote ilimradi inyamaze. Na ile antivairasi ya zamani sikuwa nimeitoa, basi kila moja ikawa inamshuku mwenzake. Wake wenza wawili chumba kimoja!

Kasheshe lenyewe likaja siku ya kikao. Orodha ya michango ilikuwa kwenye Excel: watu 86, kadi za singo 50,000, dabo 70,000. Fundi mmoja alishaniwekea humo makro, yaani vijiamri vya kujumlisha hesabu vyenyewe. Nafungua kwa mbwembwe, faili hakuna. Pembeni kuna kiboksi chekundu: limekamatwa, liko karantini.

Baba mdogo, ndiye mwenyekiti, akavua miwani. "Kijana, hela zipo au hazipo?"

"Zipo baba mdogo. Orodha ndiyo haipo."

"Sasa hela bila orodha utajuaje ni za nani?"

Shangazi akadakia kutoka nyuma: "Mimi daftari langu halijawahi kula faili la mtu!" Ukumbi ukacheka. Mimi jasho linanitoka.

KWA NINI ILINIGEUKA?

Baadaye nilikuja kuelewa. Antivairasi hukamata kwa njia mbili. Ya kwanza ni alama, kama polisi mwenye picha ya anayetafutwa. Ya pili ni kushuku mwenendo: kitu kikionekana kinafanya mambo ya kihuni, kinawekwa ndani kwanza. Na makro zina historia mbaya. Machi 1999 kirusi kilichoitwa Melissa kilijificha kwenye makro ya barua za Word, kikawa kinajituma chenyewe kwa watu 50 wa mwanzo kwenye orodha ya anwani za barua pepe.

Kwa hiyo kuishuku makro si kosa. Kosa ni kutojua kutofautisha. Programu iliyokamilika imeshapitishwa kwenye mafaili mengi safi ikafundishwa nani mwizi, nani mpita njia. Ile yangu ilikuwa sungusungu usiku wa kwanza wa doria: kila mwenye mfuko, ndani.

Nikabofya "rejesha", ikaganda. Nikaipeleka kwa fundi Mtaa wa Msimbazi, akachomoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake. Faili lipo, ila halisomeki. Kumbe antivairasi humvuruga mahabusu wake makusudi ili asimdhuru mtu, na ufunguo wa kumrudisha anao yeye mwenyewe. Kuing'oa nayo ikagoma. Ikabidi Windows ipigwe upya, na kila kilichokuwa karantini kikaenda na maji.

Shida nyingine iko kwenye neno letu "majaribio". Muuza machungwa akikukatia kipande uonje, hayo ni majaribio: chungwa limeiva, anayejaribu ni wewe. Ndizo zile programu kamili za siku 30. Lakini ile inayoitwa "beta" ni chungwa bichi, na mwenye mti anataka aone kama utaumwa tumbo. Anayejaribiwa ni wewe!

Tena hilo nalo lina mapatano yake. Wewe unapewa bure, wao unawapa taarifa za kasoro. Ndiyo maana Juni 2009 Microsoft walipotoa beta ya antivairasi yao, Security Essentials, waliweka kikomo cha watu 75,000, tena wa nchi chache tu. Sasa sisi tunaopewa kwa fleshi hatumo kwenye daftari la mtu. Maumivu tunayapata, malalamiko hatuna wa kumpelekea.

Na usidhani vilivyokamilika havikosei. Julai 19, 2024 faili moja bovu la kampuni ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, lilizimisha mashine za Windows kama milioni 8.5 duniani, abiria wakalala viwanja vya ndege. Ikiwa aliyehitimu anaweza kuteleza hivyo, itakuwaje aliye bado darasani?

Basi ndugu yangu, kama una hamu ya vitu vipya, vijaribie kwenye mashine isiyokulisha. Weka mlinzi mmoja, si wawili. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 yupo tayari ndani, hana haja ya kuletewa mwenzake wa kuokota. Na hesabu za watu ziwe na nakala nje ya kompyuta.

Mimi niliokolewa na simu. Usiku kucha nilisoma ujumbe wa M-Pesa mmoja mmoja, nikaandika majina upya. Waliotoa taslimu nikawafuata nyumbani. Watatu sikukumbuka walinipa ngapi, nikakubali walichosema, na pengo la 120,000 nikaziba kwa mfuko wangu.

Harusi ilifana. Ila shangazi mpaka leo haniiti jina langu. Ananiita Karantini.