Mitishamba mitatu ndani ya dakika 90

GEITA. DAKIKA ya 70, straika amebaki yeye na kipa. Anavuta mguu apige, misuli inakaza, anadondoka kama gunia. Jukwaani wanaanza: hana pumzi huyo, jana kalewa.

Huenda hajalewa. Huenda juzi alikunywa sanamaki asafishe tumbo, asubuhi akapiga glasi mbili za alkasusu apate nguvu, na wakati wa kupasha akashushia kinywaji cha kuchangamsha cha kopo. Kila kimoja aliambiwa hakina shida. Shida ni vilipokutana tumboni.

Geita ni mkoa unaoishi kwa nguvu za mwili. Anayeshuka duarani anazitaka, anayebeba mawe kwenda kwenye karasha anazitaka, na wapo vijana wa Katoro, Nyarugusu na Rwamgasa ambao mchana wapo machimboni, jioni wapo kwenye ndondo. Ndiyo maana muuza dawa za nguvu hakosi wateja.

Na ndoto hapa ni kubwa. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu 2021, msimu wa kwanza tu ikamaliza nafasi ya nne na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. George Mpole akawa mfungaji bora kwa mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Timu ilishuka daraja 2024, lakini kijana anayekipiga mtaani bado anaamini njia ipo. Chupa inaweza kumfungia njia hiyo.

MADINI YANAYOPOTEA

Kila muuzaji wa alkasusu ana mchanganyiko wake, ila jina lenyewe limetokana na mzizi mtamu ambao Waarabu huuita susi. Mzizi huo ukitumiwa kwa wingi na kwa siku nyingi huufanya mwili ubaki na chumvi na kutoa potasiamu. Presha inapanda, misuli inaishiwa nguvu.

Potasiamu ndiyo madini yanayosaidia misuli kujikunja na kuachia, na moyo nao ni msuli. Sanamaki kwa upande wake inaharisha, na kuharisha kunatoa maji na potasiamu hiyohiyo. Kwa hiyo mchezaji amechimba shimo moja kwa majembe mawili, kisha anaingia kutoka jasho kwenye jua la saa 10 jioni.

Akiongeza kafeini ya kopo, moyo unaongezwa mbio wakati madini yanayoulinda yamepungua. Hapo kukaza misuli ni kadi ya njano. Nyekundu ni mapigo ya moyo kuvurugika.

KISA CHA BECHLER

Nje ya soka yupo mfano unaoumiza. Februari 2003, Steve Bechler, mrusha mpira wa besiboli wa Baltimore Orioles ya Marekani, alianguka mazoezini Florida na kufariki kesho yake kwa joto la mwili kupita kiasi. Alikuwa na miaka 23.

Alikuwa akitumia kirutubisho cha kupunguza uzito kilichochanganya mmea wa efedra na kafeini, na uchunguzi ulisema efedra ilichangia kifo chake. Mwaka uliofuata Marekani ikapiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo. Ulikuwa mmea wa asili pia, tena wenye historia ndefu kwenye tiba ya Wachina.

'SIKUJUA' HAIKUOKOI

Anayenusurika kiafya anaweza kunaswa na vipimo. Diego Maradona aliondolewa Kombe la Dunia 1994 baada ya kukutwa na efedrini na jamii zake, kisha FIFA ikamfungia miezi 15. Kolo Toure, akiwa Manchester City, alifungiwa miezi sita mwaka 2011 kwa vidonge vya kupunguza uzito alivyosema ni vya mkewe.

Kanuni za kupambana na dawa michezoni zinasema mchezaji anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukijua. Mirungi, mbali na kuwa haramu kwa sheria za Tanzania, ina kichangamshi kilichopo kwenye orodha ya dawa zinazokatazwa siku ya mechi. Na unga usio na lebo hauwezi kukuambia kilichomo. Maabara za nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa za kisasa za nguvu za kiume zimefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba.

CHA KUFANYA

Hakuna anayesema mitishamba yote ni sumu. Tanzania inaitambua tiba asili kwa sheria ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Anzia hapo: uliza usajili.

Pili, usichanganye dawa, na kama unatumia dawa za hospitali, hasa za presha, kisukari au za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Tatu, mwambie daktari wa timu kila unachokunywa, hata chai ya bibi. Timu haina daktari? Nenda zahanati na chupa yako mkononi.

Moyo ukienda mbio bila sababu, misuli ikilegea au kizunguzungu kikikupata, toka uwanjani, nenda hospitali. Kocha atapata wa kuingia badala yako. Nyumbani hawana mwingine.