Nyuso za Wakubwa Kwenye Bamba la Shaba

Hendrick Goltzius aliungua mkono wa kuume akiwa mtoto mdogo, na vidole vyake havikunyooka tena sawasawa. Mkono huohuo uliojikunja ndio uliokuja kushika kalamu ya chuma bila kutetereka. Mwaka 1581, huko Haarlem, alichonga kwenye bamba la shaba sura ya Willem wa Orange, kiongozi wa Waholanzi walioasi utawala wa Hispania, akiwa amevaa deraya.

Mwaka uliotangulia, Mfalme Philip wa Pili wa Hispania alikuwa ametangaza zawadi kwa atakayemuua Willem. Picha ya rangi hukaa kwenye ukuta mmoja, wa jumba moja. Bamba la shaba huzaa nakala nyingi, na kwa nakala hizo hata asiyewahi kukanyaga jumba la Willem aliweza kumtazama usoni. Willem aliuawa kwa risasi mjini Delft mwaka 1584. Uso wake ukabaki mikononi mwa watu.

Rembrandt wa Amsterdam alipenda njia nyingine. Alilipaka bamba nta, akachora juu yake kwa sindano, kisha akaiachia tindikali ile shaba pale tu nta ilipokwaruzwa. Kadiri ilivyokula kwa muda mrefu, ndivyo mstari ulivyozama na wino ukakolea. Kwa njia hiyo mkono huwa huru, kama wa mtu anayeandika barua.

Mwaka 1647 alimchora hivyo Jan Six, kijana wa ukoo tajiri wa wafanyabiashara wa nguo, ambaye uzeeni angekuwa meya wa jiji. Six ameegemea dirisha, anasoma. Joho na upanga vimewekwa kando, gizani. Chumba kizima ni weusi uliofumwa kwa mistari midogo iliyopishana. Mwanga wa dirishani unagusa karatasi, kisha unampanda usoni.

Zitazame picha hizo mbili pamoja. Mkubwa wa kwanza anaheshimiwa kwa chuma alichovaa, wa pili kwa utulivu wake mbele ya maandishi. Kati yao imepita miaka 66 ya vita virefu, ambavyo Hispania ilivimaliza mwaka 1648 kwa kuukubali uhuru wa Uholanzi. Utulivu wa yule msomaji ulinunuliwa na waliovaa deraya.

Bamba lenyewe la Six bado linatunzwa na ukoo wake mjini Amsterdam.