Fahamu uwiano wa hesabu za benki kabla ya kuweka amana au kununua hisa

Kila baada ya miezi mitatu, benki zinazofanya kazi nchini Tanzania hutakiwa kutangaza hesabu zake magazetini. Wasomaji wengi huishia kwenye mstari wa faida, ingawa mstari huo peke yake hauelezi mengi. Faida ya shilingi bilioni moja ni kubwa kwa benki ya wilaya, lakini ni ndogo kwa benki yenye matawi nchi nzima. Kwa sababu hiyo, wataalamu hulinganisha kiasi kimoja na kingine ili kupata uwiano.

Wa kwanza kuangaliwa ni uwiano wa mtaji, kwa kuwa mtaji ndio hubeba hasara kabla haijazifikia amana za wateja. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania zinataka mtaji wa msingi usipungue asilimia 10 ya mali za benki zilizopimwa kwa kuzingatia hatari zake, na mtaji wote usipungue asilimia 12. Hufuata ukwasi, yaani uwezo wa kuwalipa wateja wanapodai fedha zao, na kiwango cha mikopo chechefu, ambacho kikizidi asilimia 5 huwa ni dalili ya kuangaliwa.

Uzito wa vipimo hivyo ulionekana Januari 4, 2018, Benki Kuu ilipofuta leseni za benki tano kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya wakulima wa Kagera. Kiwango cha juu cha fidia ya Bodi ya Bima ya Amana wakati huo kilikuwa shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Aliyekuwa na zaidi ya hapo alilazimika kusubiri mchakato wa ufilisi ili kujua kama salio lake lingepatikana.

Hata hivyo, uwiano hauwezi kuwa mkweli kuliko hesabu ulikotoka, na hesabu huandaliwa na kampuni yenyewe. Nchini Kenya, Chase Bank ilitoa hesabu zilizorekebishwa mwaka 2016, zikionesha mikopo mikubwa zaidi kwa watu wa ndani ya benki. Aprili 7 ikawekwa chini ya usimamizi wa mrasimu. Waliokokotoa kwa hesabu za awali hawakukosea hesabu, walipewa tarakimu zisizo sahihi. Aidha, FBME ilifutiwa leseni nchini Tanzania Mei 2017 kufuatia tuhuma za utakatishaji fedha zilizotolewa na Marekani mwaka 2014, jambo ambalo hakuna uwiano unaolipima.

Nje ya sekta ya benki, tahadhari ni kubwa zaidi. Mizania ni picha ya siku moja. Kampuni inayonunua pamba huonekana imeelemewa na madeni msimu wa ununuzi unapoanza, na miezi michache baadaye huonekana imara. Duka kubwa la vyakula huuza kwa fedha taslimu kabla ya kuwalipa wasambazaji, hivyo uwiano ambao ungetia shaka kwa kiwanda cha saruji huwa wa kawaida kwake.

Mwananchi anayetaka kununua hisa anashauriwa kulinganisha kampuni za sekta moja, kwa vipindi kadhaa mfululizo, na kusoma maoni ya mkaguzi. Maoni hayo hupatikana katika hesabu za mwaka. Zile za robo mwaka kwa kawaida huwa hazijakaguliwa.